Boneti Nyeusi ya Hilarión Tarqui

Kule El Alto, juu ya milima ya Bolivia, jua halikai mbinguni kama kwa watu wengine. Linakaa pale juu ya paa, na mtu mrefu akivua kofia kwa haraka anaweza kuunguza vidole. Ndiyo maana mafundi wa polishi wa mji ule hawana pa kujificha. Gari likiwa kule bondeni La Paz linapita kama bibi harusi. Lipandishe huku juu saa sita mchana, kila dosari yake inasomeka kama tangazo la ukutani.

Nemesio Callisaya aliishi na jua hilo miaka arobaini na mmoja, akipiga polishi kwa kitambaa, mkono na pumzi, na sifa zake zilikuwa zimeuzidi ukweli kwa kiasi kinachoruhusiwa. Watu walisema aliwahi kusugua mlango wa gari la kubebea maiti hadi mjane akajiona ndani yake, akatengeneza nywele, na kabla nguo zake nyeusi hazijapauka akawa ameolewa tena. Walisema njiwa wawili waligonga vichwa kwenye boneti moja ya kijani wakidhani ni bwawa. Nemesio hakukanusha. Alichosahihisha ni hesabu ya njiwa tu, kwamba walikuwa watatu.

Sasa alikuwa na gari moja la kushughulikia ambalo halikuwa la mteja. Lilikuwa la Hilarión Tarqui.

Hilarión alikuwa ameendesha teksi za watu miaka ishirini na miwili. Alishapakia wagonjwa, magunia ya viazi vikavu, na mara moja, kwa mujibu wake mwenyewe, llama, mnyama wa mizigo wa kule, aliyekaa kiti cha mbele na kufungwa mkanda. Mwaka huu hatimaye alipata gari lake: la Kijapani, la mwaka 1981, jeusi tititi, na rangi yake bado ile ile ya kiwandani, rangi tupu ya zamani isiyo na klia, lile tabaka angavu la kinga, juu yake. Rangi ya namna hiyo ukiisugua, kitambaa kinatoka cheusi, kwa sababu unachosugua ni rangi yenyewe. Kila ukiing'arisha, umeipunguza.

Gari jipya, hata kama ni jipya kwa mwenyewe tu, lazima lipelekwe Copacabana, mji wa ng'ambo ya ziwa, mbele ya kanisa la Mama Bikira. Linavikwa maua, padri analinyunyizia maji, kisha wenyewe wanalimwagia bia na spiriti ya miwa ili Mama Ardhi naye apate chake. Na kama mtoto, linatafutiwa baba wa ubatizo. Hilarión hakutafuta mbali. Nemesio ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa binti yake wa kwanza, na tangu siku ile wawili hao waliacha kuitana majina, wakawa wanaitana kumpadre, na Eusebia, mke wa Hilarión, akawa komadre. Kwa kuwa mke wa Nemesio alishafariki, Eusebia alimwambia kwamba safari hii itabidi awe baba na mama wa gari peke yake, na likilia usiku asimwamshe mtu.

Zawadi ya baba wa ubatizo ilikuwa polishi. Nani angeleta nyingine?

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Nemesio hakumwambia mtu. Bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Mkono ulipanda hadi usawa wa kidevu, ukifika hapo ukagoma, na ukilazimishwa ulimpa maumivu ya kumtoa machozi. Miezi minne alikuwa akiwaambia wateja kwamba kazi zimejaa, na huku yeye amekaa nyuma ya mlango akitafuna majani ya koka na kusikiliza redio. Binti yake Brígida, ambaye anashona nguo São Paulo, alimwona kwenye simu ya video akinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto. Akauliza, akadanganywa, hakudanganyika, akatuma mashine ya kupigia polishi, nzito kama beberu, na sahani yake ya kusugulia, ya manyoya ya kondoo.

Nemesio alikuwa amezitukana mashine za aina hiyo tangu ujana wake. Mara ya mwisho alizitukana akiwa anaitoa hiyo moja kwenye boksi.

Alhamisi akalifanyia kazi gari la Hilarión, ndani ya karakana, chini ya paa lake la plastiki ya buluu. Mashine ilimvuta kuizunguka boneti kama fahali aliyefungwa jembe siku ya kwanza, lakini kwa saa moja ilimaliza kazi ya siku mbili. Kwenye mwanga ule wa buluu boneti ilionekana kama kisima. Hilarión alipokuja jioni, aliinama, akajiona, akavua kofia. Aliivaa tena pale tu alipofika barabarani.

Ijumaa mchana Nemesio akalitoa gari nje kulipangusa vumbi, na jua likamwonyesha.

Boneti nzima ilikuwa imejaa mikia ya mwanga. Mistari myembamba, iliyopinda, inayofuatana, ilikuwa inacheza kila alipohamisha kichwa, kama nywele ndefu zilizotandazwa kwenye maji. Akisogea kushoto, zinamfuata. Akisogea kulia, zinamfuata. Yalikuwa manyoya ya ile mashine: kila yalipozunguka yaliacha mikwaruzo midogo isiyoonekana kivulini, na mikwaruzo hiyo yote ilijipanga katika njia ya mashine kama kondoo waliofundishwa gwaride. Nemesio aliwahi kuziona alama hizo kwenye kazi ya fundi mwingine, akamwambia mbele ya wateja kwamba gari limelambwa na paka mwenye hasira. Sasa paka alikuwa yeye.

Dawa aliijua. Alama za mashine zinaondolewa kwa mkono, taratibu, kwa dawa ya polishi iliyo laini kabisa na kitambaa laini zaidi. Akaanza. Alipofikisha mipapaso kumi bega lilijifunga kama mlango wa benki.

Ndipo akafanya kitu ambacho angemfukuza kazi mtu yeyote kwa kukifanya. Akachukua nta laini yenye mafuta, akaipaka boneti yote kwa mkono wa kushoto. Nta ya namna hiyo inaingia kwenye mikwaruzo, inaijaza, inainyamazisha. Haiondoi kitu. Inaweka kifuniko tu. Kufikia saa nane boneti ilikuwa nyeusi tena hata juani, na Nemesio akajiambia kwamba wiki ijayo, bega likipoa, atalirudia gari kwa siri na hakuna atakayejua. Jioni akalipeleka kwa mwenyewe, akabakizwa kwa chakula, akala samaki wa ziwani na kuongezewa.

Jumamosi wakaondoka alfajiri, watu watatu na gari moja, wakafika kwenye mlango wa ziwa pale Tiquina, mahali maji yanapobanwa na nchi kavu pande mbili, jua likiwa limeshakunja mikono ya shati. Pale magari huvuka kwenye mashua pana za mbao, bapa kama meza, na abiria hupanda boti ndogo pembeni. Kabla gari halijapandishwa, Eusebia alisema hawezi kuvuka maji bila kuomba njia. Akamwambia Nemesio atoe ile chupa ya spiriti aliyoibeba kwenye mfuko wake, kwa sababu vinywaji vya baraka hubebwa na baba wa ubatizo. Eusebia akadondosha tone kwenye kila gurudumu, akisema na Mama Ardhi maneno yake mwenyewe, kisha akajaza kifuniko cha chupa na kukimwaga kwenye pua ya boneti.

Spiriti ikateremka taratibu, ikaacha njia yenye upana wa vidole viwili. Ndani ya njia ile, mikia ya mwanga ilikuwa imeamka.

Nemesio aliiona. Spiriti inayeyusha mafuta. Mtoto wa fundi anajua hilo kabla hajaota meno. Na baada ya saa mbili, mbele ya kanisa, boneti hii haitapewa kifuniko cha chupa, itapewa chupa nzima, na bia juu yake, na wa kwanza kuimwaga ni baba wa ubatizo. Yaani yeye mwenyewe, kwa mkono wake, atalivua gari nguo mbele ya padri, wauza maua na nusu ya madereva wa El Alto, na Hilarión atakuwa amesimama pale mbele na kofia yake kifuani. Miaka arobaini na mmoja ya kujua vitu, na hilo halikumjia kichwani hata mara moja alipokuwa anapaka nta.

"Kumpadre, hapa pana nini?" Eusebia aliuliza, ameinama.

"Ni ziwa, komadre. Mwanga wa maji unapiga."

"Ziwa liko kushoto," Eusebia akasema. "Mwanga huu unatoka kulia."

Bahati yake, mwenye boti alikuwa anawaita abiria. Eusebia akaenda huku anageuka nyuma. Mwenye mashua alitaka abaki dereva peke yake, lakini Nemesio alishikilia kwamba yeye ni baba wa gari na mtoto havuki maji bila mzazi. Wakamwacha, kwa kuwa kubishana naye kungechukua muda mrefu kuliko kuvuka.

Akangoja hadi wafike katikati. Alipachagua mahali penyewe kwa makusudi, kwa sababu pale mtu akikasirika hawezi kuondoka zake. Alichosahau kufikiria ni kwamba anaweza kuondoshwa yeye.

"Kumpadre," alisema, "nikikuambia kitu, hutanitupa majini?"

"Inategemea na kitu."

"Gari lako nimeliharibu."

Akaeleza yote, mbao za mashua zikilia chini yao: mashine, bega, miezi minne ya kusema kazi zimejaa, nta. Kisha akalowesha pembe ya leso kwa spiriti na kufuta pahali penye ukubwa wa kiganja, ili asije akadhaniwa anazidisha kama kawaida yake. Hilarión akainama. Akasogeza kichwa kushoto, akasogeza kulia. Mistari ikamfuata. Alikaa hivyo mpaka mwendesha mashua naye akaja kuangalia, akaona uso wa Hilarión, akarudi kwenye injini yake.

"Alhamisi, nilipovua kofia, ulikuwa unajua?" Hilarión aliuliza.

"Alhamisi sikujua. Nilijua jana."

"Jana ulikula kwangu."

"Nilikula."

"Ukaongezewa."

"Samaki alikuwa mtamu, kumpadre."

Hilarión hakucheka. Akaegemea mlango wa gari, akaitazama ng'ambo.

"Miaka ishirini na miwili nimeendesha magari yenye mikwaruzo ya watu wengine," alisema. "Mikwaruzo siiogopi. Lakini leo ningesimama pale mbele ya Mama, nimeshika kofia, wewe unajua na mimi sijui. Hilo ndilo linaloniuma."

Nemesio akatazama viatu vyake. Ng'ambo ilikuwa inakaribia na mtu angeweza kuona boti ya Eusebia imeshafika, naye amesimama mikono kiunoni.

"Linapanda mpaka wapi?" Hilarión akauliza.

"Nini?"

"Bega."

Nemesio akainua mkono. Ukafika kidevuni, ukasimama.

"Basi nikikutupa hutaweza hata kuogelea."

"Hata lilipokuwa zima sikuweza, kumpadre."

Hapo kitu kikalegea kidogo kwenye uso wa Hilarión, si kicheko, lakini jirani yake. Akauliza kama alama zile zinatoka. Nemesio akamjibu kwamba zinatoka, kwa mkono, polepole, ila si kwa mkono wake. Hilarión akaitazama mikono yake mwenyewe, mipana, iliyochubuliwa na usukani, kama mtu anayeangalia farasi ambao hajui kama watakubali jembe.

Eusebia aliposimuliwa, upande wa pili, jambo la kwanza alilosema ni kwamba alishasema ziwa liko kushoto. La pili lilikuwa refu zaidi na lilihusu ukoo wote wa akina Callisaya. La tatu ni kwamba baraka ya asubuhi waiache, waende na ya mchana.

Walipofika Copacabana wakaliingiza gari kwenye ua wa nyumba ya wageni moja, nyuma ya ukuta wa mawe ambapo kivuli kilikuwa baridi kama kaburi. Polishi haipigwi juani, dawa inakauka kabla haijafanya kazi. Nemesio akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwambia Hilarión aanze na jambo ambalo hakuna mwenye gari anayelipenda: aifute boneti yote kwa spiriti mpaka nta iishe. Hilarión akafuta. Mwenye nyumba akawaazima kioo cha kunyolea, Nemesio akakishika kwa mkono wa kushoto, akadaka jua kutoka juu ya ukuta na kulirusha kwenye boneti. Alama zote zikajitokeza, kutoka kioo cha mbele hadi taa. Eusebia akapiga ishara ya msalaba.

"Sasa tunajua tunaongea na nani," Nemesio alisema.

Shida ya kwanza ilikuwa kitambaa. Kwenye mfuko wa Nemesio kulikuwa na kopo la dawa laini na kipande kimoja cha flaneli, na kwa boneti ile vilihitajika vinne au vitano, kwa sababu kitambaa kikijaa rangi kinaanza kukwaruza chenyewe. Mwenye nyumba akaleta taulo. Nemesio akalipapasa, akalirudisha, akasema hilo lingefaa kumsafisha mamba. Eusebia aliwatazama wanaume wawili wakipapasa matambara kama wachuuzi wa hariri. Kisha akaingia ndani. Wanawake wa kule huvaa sketi pana yenye mikunjo, na chini yake tabaka la magauni ya ndani, moja juu ya jingine, na anayejiheshimu hapungukiwi na manne. Eusebia alipotoka, alikuwa mwembamba kuliko alivyoingia, na mkononi ameshika gauni la ndani la flaneli, kuukuu, laini kama sikio la sungura.

"Limefuliwa mara mia tatu," alisema. "Kata. Na atakayelisimulia hili El Alto nitamfulia yeye."

Wakakata.

Shida ya pili ilikuwa Hilarión. Alipewa dawa kiasi cha punje moja ya dengu, akaanza kuizungusha kwa duara kama anavyosafisha vioo. Nemesio akamsimamisha. Mistari iende moja kwa moja, kutoka kwenye kioo cha mbele kuelekea kwenye taa, njia ambayo upepo unapita gari likiwa kwenye mwendo. Duara linaonekana kutoka kila upande. Mstari ulionyooka unaonekana ukiutafuta tu. Hilarión akanyoosha, lakini akakandamiza.

"Usilisukume. Lifute kama unamfuta mtoto pua."

"Mimi watoto wangu niliwafuta pua kwa nguvu."

"Ndiyo maana wote wamehamia Cochabamba," Eusebia alisema, akamnyang'anya kitambaa.

Ikaonekana kwamba mkono wa kazi hiyo ulikuwa wake. Miaka thelathini alikuwa akikanda unga wa mikate ya kuuza, na viganja vyake vilijua uzito wa kitu bila kuambiwa. Akapewa upande wa kulia, Hilarión upande wa kushoto, na Nemesio akawa macho. Alirusha jua kwa kile kioo, akaona, akasema: hapo bado, hapo tayari, hapo geuza kitambaa. Zilipita saa mbili. Dawa ikifutwa, wanapitisha unga laini wa mahindi, ule wa kutengenezea uji wa mtoto, walionunua dukani pakiti moja. Unga unakunywa mafuta yaliyobaki na kuiachia rangi uso mtupu. Kisha spiriti tena, ili isibaki hata chembe ya kudanganya. Kisha kioo. Kila mara alama zilikuwa zimepungua. Nemesio alihisi kitu cha ajabu, kwamba kazi ilikuwa inatoka vizuri na yeye hakuigusa. Alijaribu kukasirika, hakuweza.

Katikati ya boneti kulikuwa na mgongo, mkunjo wa bati uliotoka kwenye kioo cha mbele mpaka kwenye nembo. Hilarión alikuwa amefika hapo, ameshapata mkono sasa, anavuta mistari mirefu na kupiga mluzi. Nemesio akaona kitambaa. Kilikuwa hakitoki cheusi tena. Kilikuwa na uwekundu, mdogo, kama chai iliyochovywa mara moja.

"Acha," alisema.

"Bado kidogo. Hapa bado mistari ipo, upana wa mkono tu."

"Acha, kumpadre. Kwenye mgongo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine, na mashine yangu ilishaila. Hicho chekundu ni rangi ya chini. Ukipitisha mara tatu zaidi, gari lako litakuwa na kidonda, na kidonda hicho hakuna mkono utakaokiondoa."

Hilarión akasimama na kitambaa juu ya boneti, hakukiinua.

"Unaniambia kweli? Au kuna bega jingine nyuma ya hili?"

Nemesio aliona kwamba hapa ndipo alipokuwa amefikishwa na ile nta. Jana neno lake juu ya rangi lilikuwa halihitaji shahidi kutoka La Paz mpaka ziwani. Leo lilikuwa linapimwa na dereva wa teksi, na dereva alikuwa na haki.

"Kweli," alisema. Hakuongeza njiwa wala mjane.

Hilarión akakiinua kitambaa, akakikunja, akakiweka kando.

Mchana wakapanga foleni mbele ya kanisa, gari moja nyuma ya jingine, yote yamevishwa maua na riboni na kofia za karatasi, na watoto wakiuza bisi tamu za mahindi, kubwa kama mayai ya kware. Eusebia alinunua taji la maua ya gladioli, akalilaza kwenye boneti, na kwa ustadi mkubwa likaangukia pale pale, juu ya mgongo, likaufunika ule ukanda wa alama zilizobaki. Hilarión akaona, akamgeukia Nemesio.

"Wewe ndiye baba yake. Sema."

Nemesio akaenda, akalisukuma taji shibiri moja kushoto. Jua likaingia. Ile mistari michache ikaanza kucheza, mbele ya macho ya mtu yeyote aliyetaka kuitazama.

Aliyeitazama wa kwanza alikuwa dereva wa basi dogo jeupe lililokuwa nyuma yao, mtu mwenye jino la dhahabu na muda mwingi. Alizunguka gari mara mbili, akasema rangi nyeusi namna hii hajaiona tangu bibi yake alipozikwa, lakini pale katikati wamesahau kidogo. Akauliza fundi ni nani. Hilarión na Eusebia wakawa wanapanga riboni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Ni mimi," Nemesio alisema. "Nililiharibu lote kwa mashine. Bega langu limekufa, na nikaficha. Hawa wawili wamelitengeneza kwa mikono yao asubuhi ya leo, na hapo katikati nimewakataza wasije wakatoboa rangi."

Yule dereva akamtazama kama mtu aliyeuliza saa na kusomewa wosia.

Padri akafika na ndoo yake na fagio lake la maua, mchangamfu, mwenye haraka, akanyunyizia injini, usukani, viti, na Eusebia masikioni. Akasema maneno yake, akaenda kwenye basi jeupe. Kilichobaki kilikuwa chao wenyewe. Hilarión akavua kofia, akaishika kifuani. Nemesio akafungua chupa mpya ya spiriti, akamwaga tone chini kwa Mama Ardhi, akainua mkono kwa sababu baba wa ubatizo anatakiwa kumwaga kutoka juu, ionekane. Mkono ukafika kidevuni, ukasimama. Watu walikuwa wanatazama. Akataka kuhamishia chupa mkono wa kushoto, ndipo alipohisi kiwiko chake kimeshikwa kutoka chini. Hilarión alikuwa ameiachia kofia mikononi mwa mkewe, na taratibu, kama anavyopandisha gia kwenye kilima, akaupandisha ule mkono mpaka juu ya kichwa.

Spiriti ikamwagika. Ikatawanyika kwenye boneti yote, ikatiririka pande zote mbili, ikaingia chini ya maua, ikadondoka kwenye mawe. Watatu hao hawakutazama kanisa wala mbingu. Waliinamisha vichwa kushoto, wakainamisha kulia, kwa pamoja, mpaka mtu angedhani ni ngoma ya kwao. Weusi ulibaki weusi. Spiriti ilipita ikatafuta cha kuvua, haikukuta. Kwenye mgongo mistari yao iliwaka kama ilivyokuwa imewaka kabla, si zaidi, na Eusebia akafungua bia na kuimwaga hapo hapo, akiisemesha ile mistari ikae kwa adabu.

Fataki zikalipuka nyuma yao. Yule mwenye jino la dhahabu alikuwa amemaliza na padri, akarudi, amelowa. Akamwambia Nemesio kwamba basi lake nalo linahitaji polishi, akauliza kama fundi huyu wa bega anachukua kazi.

"Jeupe halina siri," Nemesio alimjibu. "Mpelekee yeyote. Lakini siku ukinunua jeusi, njoo. Njoo na mikono yako mwenyewe, na ya mkeo kama anakanda mikate. Mimi nitaleta macho."

Mtu yule akatoa simu yake ili aandike nyumba ya fundi ilipo. Nemesio akamwelekeza kituo cha kushukia, mtaa, rangi ya geti. Alipofika kwenye nambari ya nyumba akasita, kwa kuwa hakuwa na hakika nayo, na Hilarión, aliyewahi kumpeleka nyumbani mara elfu, akaisema kwa niaba yake.